Debe la Silaha Nyuma ya Pazia

Pazia lilikuwa la kijani, zito, na lilinukia maua ya jasmini ya kwenye nywele za wateja. Nyuma yake, kwenye lango la pili la jengo la maduka la Champakali mjini Pune, Ulka alikuwa akipekua wanawake, na huu ulikuwa mwaka wake wa sita. Wanaume walipekuliwa nje na Pandurang, mbele za watu, mikono juu. Wanawake waliingia kwa Ulka mmoja mmoja, pazia likashushwa, na wengi ndipo walipovuta pumzi vizuri kwa mara ya kwanza tangu watoke nyumbani.

"Nyanyua mikono, dada. Geuka. Umependeza leo, sari mpya hiyo?"

"Ya harusi ya wifi yangu. Imenibana, Ulka, nikila tu napasuka."

"Basi usile. Haya, pita."

Kazi yenyewe ilikuwa kutafuta mabomu. Tangu miaka ile magaidi walipolipua masoko na treni katika miji, hakuna aliyeingia dukani wala sinema bila kupapaswa, na watoto waliozaliwa baada ya hapo walinyanyua mikono wenyewe kabla ya kuambiwa, kama wanaotaka kubebwa. Binti wa Ulka, Sai, mwenye miaka minne, alimpekua mwanasesere wake kila asubuhi kabla hajamruhusu kunywa chai.

Bomu Ulka hakuwahi kuliona hata siku moja, na alishukuru. Alichoona ni vitu vingine. Aliona pini kubwa za kufungia nepi, zimechomekwa kwenye mkanda wa mkoba pale ambapo kidole gumba hufika upesi. Aliona makopo ya kupuliza maji ya pilipili, visu vya kumenyea maembe, na mwavuli mmoja ambao mwenyewe alikuwa ameunoa ncha kwenye ngazi za nyumba yao. Bibi Anusuya, bibi wa miaka sabini na kitu aliyekuja kila alasiri kukaa kwenye ubaridi wa jengo na kuwacheka watu wanaoogopa ngazi zinazotembea, yeye alibeba jiwe. Jiwe lilelile kila siku, la mviringo, limeoshwa vizuri na kufungwa kwenye leso.

"Bibi, na leo umekuja nalo?"

"Nimwachie nani? Wale vijana wa pikipiki wanaonyakua mikufu wamempitia jirani yangu. Wamevuta mkufu wake wa ndoa, kabaki na mstari shingoni kama kuku aliyeponea kuchinjwa. Waje kwangu! Mmoja atarudi kwao na jino mfukoni."

"Umeshampiga mtu nalo lakini?"

"Mbwa."

"Ukampata?"

"Nilimkosa," alisema Bibi Anusuya, akanyanyua mikono apekuliwe.

Sheria ya jengo ilisema chochote kinachochoma, kinachokata au kinachowasha hakiingii ndani. Ulka aliifuata. Lakini sheria haikusema vitu hivyo viende wapi baada ya hapo, na pale ndipo alipoingiza akili yake mwenyewe. Alileta kutoka nyumbani debe tupu la samli, akalikata mdomo, akazikunja kingo kwa nyundo zisije zikamkata mtu. Wanawake waliingia na kuacha silaha zao mle, wakitoka walirudishiwa. Hakutoa tiketi wala hakuandika jina. Alikumbuka kila kitu na mwenyewe, kama mama anavyojua kijiko kipi ni cha mtoto yupi, na katika miaka sita hakuwahi kumpa mtu pini isiyo yake.

Walihitaji kurudishiwa kwa sababu ya kiwanja. Kati ya jengo na kituo cha basi palikuwa na kiwanja cha nyumba iliyobomolewa, mabati upande huu, majani marefu upande ule, na nguzo tatu za taa ambazo zilikuwa nguzo tu. Wasichana wa madukani walitoka saa tatu usiku na njia ilikuwa hiyo moja. Walipita kwa makundi, wakiongea kwa sauti ya juu, mkono mmoja ndani ya mkoba.

Ulka mwenyewe alitaka kuwa askari polisi. Alipokuwa na miaka ishirini alikimbia, akatupa tufe, akajibu maswali yote, kisha akasimamishwa kwenye ubao wa kupimia urefu. Vidole viwili pungufu. Mama aliyekuwa anapima alimwonea huruma, akageukia dirishani na kusema taratibu, "Inua visigino basi, mwanangu. Mimi natazama kunguru." Ulka hakuinua. Alisimama wayo mzima chini, akarudi nyumbani akilia njia nzima, na mama mkwe wake, tangu aolewe na kuisimulia habari hiyo, hajaacha kumcheka mpaka leo.

"Kunguru alitazamwa bure," mama mkwe husema kila anapomwona anafunga mkanda wa sare ya ulinzi, ambayo ilishonwa kwa mtu mrefu.

Sasa, mwezi mmoja kabla ya sikukuu ya Dasara, kampuni ya ulinzi ilileta msimamizi mpya. Aliitwa Bwana Salunke. Alikuwa mtu wa masharubu yaliyopakwa rangi, miwani iliyofungwa kamba, na woga mwingi aliouficha ndani ya sauti kubwa. Polisi walikuwa wametoa tahadhari kama kila mwaka wakati wa sikukuu, ya kwamba watu wawe macho. Zaidi ya hilo, meneja wa jengo, Bi Kumud Parekh, alikuwa amesema atazunguka malango yote siku ya Dasara, aamue kama kampuni hii ya walinzi ibaki au iende. Salunke alipita nyuma ya pazia siku yake ya pili, akalikuta debe.

"Hili ni lango la ulinzi au ni maficho ya majambazi?"

"Ni mali za wateja, bosi. Wakitoka wanachukua."

"Mali!" Akatoa jiwe. "Hii ni mali?"

"Hiyo ya Bibi Anusuya ni mali, bosi. Anaiogesha kila asubuhi."

Pandurang, kule nje, alikohoa kwa namna ya mtu anayezuia kicheko. Salunke akalirudisha jiwe, akapangusa mikono.

"Sikiliza, dada Ulka. Kuanzia leo, kinachokatazwa kinatupwa kwenye pipa la taka papo hapo. Bi Kumud akija akaona debe limejaa visu na pilipili kwenye lango langu, sote tutalala njaa. Nikiliona tena, utalibeba kichwani mpaka kwenu na usirudi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bosi."

Kuelewa alielewa. Usiku ule, Sai akiwa amelala na mguu wake juu ya tumbo la bibi yake, alimweleza mama mkwe yote. Mama mkwe alikuwa anachambua dengu. Hakuinua uso.

"Tupa tu. Kazi ni kazi."

"Na wale wasichana wapite kile kiwanja mikono mitupu?"

"Wewe ulishindwa kusimama juu ya visigino, sasa unataka kusimama juu ya debe?" Akapuliza makapi. "Na kama utalificha, usilifiche pale anapoweka mguu. Wanaume hawainami kutazama chini ya kitu."

Basi chini ya meza ya mashine ya kukagulia mikoba palikuwa na kabati dogo la bati ambalo halikutumiwa na mtu. Mlikuwa na vitu vya ibada tu: taa ya mafuta, ubani, kengele ndogo, ambavyo walinzi walivitoa mara moja kwa mwaka. Ulka alilisukuma debe mle, akafunga mlango kwa goti, na kwa wiki tatu mambo yakaenda sawa. Wanawake walijua. Waliingia, wakanong'ona, wakatoka na vitu vyao chini ya mitandio, wengine wakimkonyeza Pandurang ambaye alijifanya kutazama mawingu.

Mgeni katika wale waliokuwa wakiacha vitu alikuwa Mrunal, msichana wa miaka kumi na tisa aliyeuza aiskrimu ghorofa ya pili. Siku yake ya kwanza kuacha kitu, mkoba wake ulikuwa na mkebe mdogo wa shaba wenye mfuniko, kama ule ambao kila mwanamke huwekea kumkumu, poda nyekundu ya kupaka kwenye paji la uso. Ulka alikuwa amekwisha kuona maelfu. Aliufungua kwa mazoea, akapiga chafya mara saba.

"Mungu wangu! Hii ni nini?"

"Pilipili, dada," Mrunal alisema, uso umemwiva. "Mama kaniwekea. Anasema mkebe wa kumkumu hakuna anayeuulizia. Kule kiwanjani kuna watu walinifuata juzi. Walikuwa wanaimba tu, lakini walikuwa wanaimba jina langu, na mimi sijawaambia jina langu."

Ulka alimtazama yule binti, akamrekebishia kola ya sare yake bila sababu. "Mama yako ana akili. Acha hapa, saa tatu utaukuta."

Siku ya Dasara huku kwao kila mtu hukiheshimu kitu kinachompa riziki. Dereva huivika bajaji yake maua, fundi cherehani huipaka cherehani yake kumkumu, mwenye duka huisujudia mizani. Asubuhi ile walinzi wa lango la pili waliuosha mlango wa mashine ya kugundua vyuma kwa kitambaa chenye maji ya waridi, wakauvisha shada la maua ya manjano. Fimbo ya kupapasia watu, filimbi, tochi, hata kiti kibovu cha Pandurang, vyote vikapangwa mezani juu ya kitambaa chekundu. Watu walikuwa wengi. Wanawake walijipanga mpaka barabarani na watoto waliovaa nguo mpya, na Ulka alikuwa nyuma ya pazia akipekua kwa mikono miwili, jasho la joto la Oktoba likimtiririka mgongoni.

Bi Kumud alifika saa tano. Alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, sari ya pamba, viatu vya kutembelea, na daftari ambalo hakulifungua lakini kila mtu aliliangalia. Salunke alimkaribisha kwa kuinama mara tatu.

"Tulikuwa tunakungoja wewe tuanze ibada, madamu. Pandurang! Kumkumu iko wapi?"

Kumkumu ilikuwa imesahauliwa. Pandurang aliyeambiwa ailete alikuwa ameleta nazi, vitamutamu vya maziwa viitwavyo peda, maua, kila kitu, kumkumu hakuna. Lakini alikumbuka vitu vya ibada vinakaa wapi. Akainama kwenye kabati, akapapasa kando ya taa ya mafuta na kengele, na juu kabisa ya debe mkono wake ukakutana na mkebe mdogo wa shaba. Alifurahi. Alikuwa na mafua ya siku nne, hata ubani uliokuwa unafuka mbele yake hakuusikia. Akatia matone mawili ya maji, akakoroga kwa kidole, ikawa nyekundu nzuri ya kung'aa. Akapaka mlango wa mashine, akapaka fimbo, filimbi, tochi, akakipaka na kiti chake. Kisha, kwa kuwa ni heshima kumpaka mkubwa, akamgeukia Salunke na kumbandikia kwenye paji la uso doa pana kama sarafu, na punje za mchele juu yake.

Bi Kumud alisogea kupakwa naye, lakini Salunke alikuwa ameanza kuhutubia.

"Madamu, mimi nakuhakikishia. Kwenye lango langu hata sindano haipiti. Hata unga! Tumefunga kila tundu. Mwanamke akija na…" Akakunja uso. "Akija na kitu cha hatari… sisi…"

Jasho lilikuwa limeteremka. Chozi moja likashuka upande wa kulia, likafuatwa na lingine.

"Ana imani huyu baba," Bi Kumud alimwambia Pandurang, ameguswa kweli. "Si watu wengi wanaolia siku hizi."

"Ni mtu wa dini sana, madamu," Pandurang alisema, ingawa ndiyo kwanza anasikia.

Salunke akajifuta kwa mkono, na kwa mkono ule ule akajifuta macho yote mawili. Yaliyotoka kinywani mwake baada ya hapo hayakuwa maneno. Alizunguka mahali pamoja kama ng'ombe aliyeng'atwa na nyuki, akaangusha nazi, akashika nguzo.

"Macho yangu! Nimemwagiwa kitu! Macho!"

Pandurang akajipangusa pua kwa kidole alichopakia, na naye akaruka. "Sumu!" alipiga kelele. "Wametutilia sumu! Bosi kashambuliwa!" Akapiga filimbi kwa nguvu zake zote, filimbi ambayo nayo ilikuwa imepakwa, akaitema.

Filimbi ile kila mtu wa mji alijua maana yake. Mstari wa wanaume ukageuka nyuma. Wa nyuma walisukuma mbele waone kuna nini, wa mbele walisukuma nyuma watoke. Mtu akasema "gaidi", kisha watu ishirini wakasema "bomu". Ulka alichomoza kichwa nje ya pazia na cha kwanza alichoona si Salunke. Alimwona mama kijana aliyembeba mtoto mchanga, amebanwa kwenye vyuma vya kupangia foleni, anamnyanyua yule mtoto juu ya kichwa chake asipondwe.

Halafu akapiga chafya. Akapiga tena. Akaona mkebe wa shaba mezani, wazi.

Akajua yote kwa mara moja, na kitu kilichofuata akakijua pia: akisema ni pilipili, ataulizwa imetoka wapi, na debe litatoka kabatini na kazi yake itaondoka nalo. Hakukaa kulifikiria. Alipaza sauti, "Ni pilipili!" Hakuna aliyemwona. Alikuwa mfupi, na sare ilikuwa ya mtu mrefu, na mbele yake palikuwa na migongo tu. Basi akapiga goti, akalivuta debe nje ya kabati, akalipindua. Pini, visu, makopo, mwavuli, vyote vikamwagika sakafuni kwa kishindo, na jiwe la Bibi Anusuya likabingirika mpaka kwenye kiatu cha Bi Kumud. Ulka akapanda juu ya debe.

"Pilipili! Ni pilipili ya mboga! Hakuna bomu, hakuna sumu! Kina mama, mimi Ulka nawaambia! Simameni mlipo, shikeni watoto! Wewe kaka wa shati la bluu, unamsukuma nani? Rudi nyuma, kuna mtoto hapo!"

Wanawake waliijua sauti ile. Ilikuwa imewaambia kwa miaka sita nyanyua mikono, geuka, umependeza. Walisimama. Mstari mzima wa wanawake ukasimama kama ukuta, na wanaume waliokuwa wanawasukuma wakajikuta wanausukuma ukuta, wakaacha. Mtu mmoja akacheka. Kaka wa shati la bluu akashika upande mmoja wa chuma, akamsaidia yule mama kutoka.

"Pilipili tu?" akauliza mtu.

"Pilipili tu. Bosi wetu kapakwa pilipili badala ya kumkumu."

Kicheko kikaanza mbele, kikaenda mpaka barabarani.

Mrunal alikuwa ameshuka mbio ghorofa mbili na jagi la maziwa baridi la dukani kwake. Walimkalisha Salunke kwenye kiti cha Pandurang, Ulka akamshika kichwa kama anavyomshika Sai akimwosha nywele, mkono mmoja nyuma ya shingo. "Usifumbe, bosi. Najua inauma. Tazama juu. Haya, moja tena. Hodari." Maziwa yalitiririka masharubuni, na rangi ya masharubu ikatiririka pamoja nayo. Pandurang alijiosha pua yake mwenyewe kwa aiskrimu ya embe, akasema mafua yamepona.

Bi Kumud alikuwa ameokota jiwe. Aliligeuza mkononi.

"Hivi vitu ni vya nani?"

Ulka alifungua mdomo, lakini Bibi Anusuya aliwahi, akitoka kwenye mstari kwa viwiko.

"Hilo ni langu, na usilishike kwa mkono wa kushoto."

"Mkebe wa pilipili ni wangu, madamu," Mrunal alisema kwa sauti ndogo.

"Mwavuli wangu mimi."

"Hizo pini mbili, zenye uzi mwekundu, zangu."

Walitoka mmoja mmoja. Hawakupanga. Bi Kumud aliwasikiliza, kisha akauliza wanazibebea nini, na wakamwambia kuhusu kiwanja. Walimwambia kuhusu nguzo zisizo na taa, watu wanaojua majina, pikipiki zinazopunguza mwendo. Mmoja alitaka kueleza zaidi, akaacha, akasema tu, "Unajua mwenyewe, madamu. Na wewe ni mwanamke." Bi Kumud aliinama, akalirudisha jiwe sakafuni. Yeye alikuwa na gari na dereva, lakini hakuwa navyo maisha yake yote.

Akamgeukia Ulka, ambaye alikuwa bado na maziwa mpaka viwikoni.

"Uliamriwa utupe?"

"Ndiyo, madamu."

"Ukaficha."

"Ndiyo, madamu."

"Ungenyamaza, nisingejua."

"Ungejua," Ulka alisema. "Watu wangekanyagana kwanza, halafu ungejua."

Hapo Salunke alisafisha koo. Macho yake yalikuwa mekundu kama nyanya, na sharubu moja ilikuwa nyeusi na nyingine nyeupe. Kila mtu alingoja amfukuze Ulka palepale.

"Inafanya kazi," alisema.

"Nini, Bwana Salunke?"

"Hii kitu. Madamu, nimekuwa mlinzi miaka thelathini, sijawahi kuangushwa. Hii imeniangusha, na kidogo tu, tena ya kupakwa." Akapapasa miwani yake. Sauti yake kubwa ilikuwa imeishia mahali fulani kwenye yale maziwa. "Binti yangu anasoma Nagpur. Anatoka maktaba giza limeingia. Kila siku nampigia simu namwambia jiangalie, jiangalie. Ajiangalie na nini? Sijawahi kumpa kitu. Dada Ulka, ule mkebe… mtu anaupata wapi?"

"Mama yake Mrunal atakutengenezea, bosi."

"Miwili," alisema Salunke. "Mmoja wa mama yake."

Bi Kumud alifungua daftari lake hatimaye. Debe likae, alisema, lakini lisikae kabatini kama kitu cha wizi. Likae kwenye rafu, lifunikwe, lifungwe kufuli, na ufunguo awe nao Ulka. Mkebe wowote wa shaba unaoachwa lazima ufungwe uzi wa kijani, na hapo alimtazama Pandurang. Taa za kiwanja angeziandikia barua manispaa kesho, na kwa kuwa manispaa ni manispaa, mpaka ziwake walinzi wawili wasimame pale na tochi kuanzia saa tatu kasoro robo kila usiku.

"Mimi wa kwanza," Salunke alisema.

"Uone kwanza, bosi," akasema Pandurang, na hata Salunke alicheka.

Ibada ilikuwa bado haijaisha. Mtu alileta kumkumu ya kweli kutoka duka la bangili. Bi Kumud aliinusa, akampa Mrunal ainuse, ndipo akakubali kupakwa. Lakini Bibi Anusuya alikuwa amesimama mikono kiunoni, hajaridhika.

"Leo siku ya kuheshimu zana na silaha, ama nimekosea? Mmepaka kiti. Mmepaka filimbi. Jiwe langu limelala sakafuni kama mtoto wa kambo."

Basi waliokota vyote. Ulka alivipanga kwenye kitambaa chekundu, pini na visu na makopo na mwavuli na jiwe katikati, akavipaka kimoja kimoja kwa kidole chake cha pete, punje ya mchele juu ya kila kimoja. Debe likavishwa shada la maua ya manjano lililozidi shada la mashine. Watu walipeana majani ya mti wa apta, ambayo siku hiyo huitwa dhahabu. "Pokea dhahabu, ung'are kama dhahabu," waliambiana, na Salunke alimpa Ulka jani lake kwa mikono miwili.

Alasiri mama mkwe alikuja na Sai kusalimia sikukuu. Habari ilikuwa imeshafika mtaani kabla yao, tena imeongezwa chumvi.

"Nasikia ulisimama juu ya debe," mama mkwe alisema.

"Nilisimama, mama."

"Kimo kikatosha?"

"Kikatosha."

Mama mkwe alimfunga vizuri ule mkanda wa sare, tundu moja zaidi.

Sai alikuwa amevaa gauni la manjano na mkoba mdogo wa shanga. Alipita nyuma ya pazia kama watu wote, akanyanyua mikono. Ulka alimpekua sawasawa, mabega, mbavu, hata nyayo, mtoto akicheka kwa kutekenywa. Kisha akafungua mkoba. Mlikuwa na peda iliyoumwa nusu, jani la dhahabu, na kokoto ndogo nyeupe iliyooshwa, imefungwa kwenye karatasi ya peremende.

Kila usiku Ulka alikuwa akimsimulia Sai habari za jiwe la Bibi Anusuya, kwa kuchekesha tu, ili alale.

"Hii ya nini, mwanangu?"

"Ya pikipiki," Sai alisema.

Ulka alikaa amechuchumaa kidogo, kokoto kiganjani. Ilikuwa ndogo kuliko kitufe cha koti. Kisha akasimama, akachovya kidole kwenye kumkumu, akaipaka alama, akaiweka ndani ya debe kando ya jiwe kubwa.

"Haiingii ndani, ndiyo sheria," alimwambia. "Ukitoka utaichukua."

"Utakumbuka ni yangu?"

"Nitakumbuka. Haya, umependeza. Pita."